MAISHA YA DAKTARI MORITZ KAPOSI

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walidhani kwamba nitaandika habari za Dakta Livingstone. Dhana yao haikuwa mbaya. Sisi tunaokaa Kigoma tunaujua sana ule mnara wa ukumbusho pale Ujiji na miembe yake, na kila mtoto wa hapa amekwisha kufundishwa kwamba mwaka 1871 Bwana Stanley alimkuta Livingstone mahali pale. Lakini mimi nimemchagua mtu mwingine, ambaye kazi yake yote ilifanyika mbali sana na ziwa letu. Mwaka huo huo wa 1871, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, daktari mmoja kijana aliliacha jina la ukoo wake akajiita Kaposi. Nimemchagua kwa sababu jina hilo lilitajwa nyumbani kwetu kabla mimi sijajua kwamba ni jina la mtu.

Nilikuwa na mjomba wangu, mvuvi wa dagaa pale Katonga. Alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, naye alikuwa akimeza dawa zake bila ya kukosa, na hali yake ilikuwa njema kwa muda mrefu. Kisha mwaka 2016 homa ilimwanza. Ilikuja usiku, ikamtoa jasho hata shuka ikalowa, na asubuhi ikampoa kidogo. Alikonda, akachoka, na miguu ikamvimba. Alitibiwa malaria, homa haikuondoka. Baadaye akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu; homa haikuondoka. Nyumbani maneno yakawa mengi. Wengine walisema amelogwa na wenziwe kwa ajili ya nyavu. Wengine walisema ameziacha dawa zake. Mimi, mwalimu wa Baiolojia, niliamini neno hilo la pili. Siku moja alipolala nilikichukua kichupa chake nikazihesabu tembe kwa siri. Hesabu ilikuwa sawasawa. Niliona haya, lakini sikumwomba radhi.

Hatimaye tulimpeleka katika hospitali nyingine, na huko daktari alimwambia avue viatu na soksi. Katika nyayo zake palikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau iliyoiva, mengine yamekuwa vijinundu vigumu. Alikuwa nayo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hayakumwasha wala hayakumwuma, naye aliona haya kuyaonyesha. Na katika muda wote ule hapana aliyemwambia avue viatu, wala mimi niliyemfulia shuka zake. Daktari aliyatazama, akamfungua na kinywa akatazama kaakaa, akalitaja neno Kaposi. Nilidhani ni neno la Kilatini.

Basi hii ndiyo habari ya mwenye jina.

Moritz alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1837 katika mji wa Kaposvár, nchi ya Hungaria, ambayo zamani hizo ilikuwa chini ya Kaizari wa Austria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina la ukoo wao lilikuwa Kohn. Mji huo uko kando ya mto mdogo uitwao Kapos, na maana ya Kaposvár ni ngome ya Kapos. Mwaka 1856 kijana Kohn alikwenda Vienna kusoma udaktari katika Chuo Kikuu, na mwaka 1861 alipata shahada yake.

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za Ulaya. Wanafunzi walitoka nchi nyingi kwenda kujifunza pale, maana walimu wake walikuwa na desturi moja kubwa: hawakuridhika na kukisia. Mgonjwa alipokuwa hai walimtazama mwili mzima; na akifa, maiti yake ilipasuliwa ili ionekane kama walivyosema ni kweli au si kweli. Mkuu wa idara ya magonjwa ya ngozi alikuwa Ferdinand von Hebra. Kabla yake waganga wengi waliamini kwamba vipele na vidonda vya ngozi ni uchafu wa damu unaotafuta njia ya kutoka. Hebra alionyesha kwamba upele, yaani ule ugonjwa wa kuwashwa ambao watoto huambukizana vitandani, huletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozini, na kwamba mdudu akiuawa ugonjwa hupona. Alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1866 kijana Kohn akawa msaidizi wa Hebra na mwalimu katika idara yake. Mwaka 1869 alimwoa Martha, binti wa Hebra, na zamani hizo akaingia katika dini ya Kikatoliki. Mwaka 1871 ndipo alipobadili jina. Yeye mwenyewe alieleza kwamba madaktari walioitwa Kohn walikuwa wengi mjini Vienna, na watu wakawa wakiwachanganya. Wengine walisema alitaka kuficha asili yake ya Kiyahudi, kwa kuwa Wayahudi hawakupendwa na watu wengi katika mji ule. Labda yote mawili yalikuwamo. Lakini angalieni jina alilolichagua. Kwa desturi ya Kihungaria, mtu akitokea mahali fulani huongeza i mwishoni mwa jina la mahali pale, kama sisi tunavyoongeza M mwanzoni, tukasema Mjiji au Mmanyema. Kaposi maana yake ni mtu wa Kapos. Hata kama alitaka kuacha kitu, hakuuacha mji uliomzaa.

Mwaka 1872 ndio mwaka uliomfanya ajulikane hata leo. Katika mwaka huo aliandika makala juu ya wagonjwa watano, wote wanaume watu wazima. Ugonjwa wao ulianza kwa mabaka na vinundu vya rangi ya kahawia nyekundu au ya samawati, kwanza katika nyayo na mguu wa juu, kisha mikononi, kisha ukapanda. Daktari mwingine angeliweza kuandika kwamba ni ugonjwa wa ngozi na kuishia hapo. Kaposi hakuishia hapo. Mmoja wa wagonjwa alipokufa, mwili wake ulichunguzwa, na vinundu vile vile vilionekana ndani, katika mapafu na matumbo. Alikata vipande vya vinundu akavitazama kwa darubini, jambo ambalo wakati ule madaktari wachache wa ngozi walilifanya. Akaandika kwamba ugonjwa huu si wa ngozi peke yake, bali ni wa mwili mzima, na kwamba huua. Kuhusu sababu yake, alikiri kwamba haijulikani.

Mwaka huo huo aliandika pia juu ya ugonjwa mwingine uitwao lupasi, ambao huleta wekundu usoni. Alionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa lupasi hupatwa na homa, hukonda, hupungukiwa na damu, na tezi zao huvimba. Hapa pia alikuwa akifundisha jambo lile lile: ngozi ni mlango, na mwenye akili akiona alama mlangoni huuliza habari za ndani ya nyumba. Mkwewe Hebra aliwafundisha madaktari kuiheshimu ngozi yenyewe; Kaposi aliwafundisha kutazama ng'ambo yake.

Baada ya hayo alieleza, mwaka 1874, ugonjwa wa watoto ambao ngozi yao haiwezi kabisa kustahimili jua. Mwaka 1875 alifanywa profesa. Hebra alipofariki mwaka 1880, Kaposi alishika mahali pake, na mwaka huo huo akatoa kitabu kikubwa cha magonjwa ya ngozi ambacho kilifasiriwa na kusomwa katika nchi nyingine za Ulaya. Wenziwe waliupa ule ugonjwa wa mabaka jina lake.

Lakini mwandishi wa maisha ya mtu hana ruhusa ya kuficha makosa yake. Kaposi na Hebra walishikilia kwamba tetekuwanga na ndui ni ugonjwa mmoja, ijapokuwa madaktari wengine walikwisha kuwapinga. Walikosea. Ndui huletwa na kirusi cha namna yake, na tetekuwanga na cha namna nyingine kabisa. Na ajabu ni kwamba kirusi cha tetekuwanga ni ndugu wa kile kirusi kiletacho ugonjwa wenye jina la Kaposi. Yeye hakuweza kuvijua hivyo vyote viwili, maana katika siku zake hapakuwa na chombo cha kuonyesha virusi. Alifariki mjini Vienna tarehe 6 Machi 1902, akiwa na umri wa miaka 64.

Mtu alikufa, jina likasafiri. Katika Ulaya ugonjwa wake ulikuwa adimu, lakini katikati ya karne ya 20 madaktari waliofanya kazi Uganda na Kongo waliona kwamba katika nchi za maziwa makuu si adimu hata kidogo. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuuzungumza ugonjwa huo peke yake. Waliona kwamba huku kwetu huwapata zaidi wanaume, na mara nyingi huanza miguuni, kama Kaposi alivyoandika. Nao waliona pia kwamba huwapata watoto, jambo ambalo yeye hakuliona.

Kisha, mwaka 1981, madaktari wa Marekani walianza kuona mabaka ya Kaposi kwa vijana, tena yakienda mbio. Ilikuwa ni dalili mojawapo ya ugonjwa mpya, UKIMWI. Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Miaka ile ilikuwa miaka ya msiba, na mabaka yale watu waliyaogopa kama alama ya kifo.

Sababu aliyoikosa Kaposi ilipatikana mwaka 1994, miaka 122 baada ya makala yake. Bibi Yuan Chang na Bwana Patrick Moore, wakifanya kazi mjini New York, waligundua kirusi kipya katika vinundu vya wagonjwa. Kirusi hicho ni cha ukoo wa hapesi, ukoo ule ule wenye tetekuwanga, mkanda wa jeshi na vidonda vidogo vya midomoni. Ni cha nane kujulikana katika wale wanaowapata binadamu. Desturi ya ukoo huo ni moja: kikiingia mwilini hakitoki, bali hulala. Hiki cha Kaposi hupita hasa kwa mate, na katika nchi zetu watu wengi hukipata wakiwa watoto nyumbani mwao. Wengi wao hawaugui maisha yao yote, kwa sababu askari wa mwili hukilinda kisiamke. Lakini virusi vya UKIMWI vikiwaua askari hao, aliyelala huamka.

Sasa nafika kwenye jambo lililoniingiza katika kazi hii. Kirusi cha Kaposi hakileti mabaka tu. Katika mwaka 2010 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walieleza hali ya wagonjwa wenye virusi vyote viwili, cha UKIMWI na cha Kaposi, ambao walikuwa na homa kali, jasho la usiku, kukonda, uvimbe wa miguu au maji tumboni, upungufu wa damu, na tezi zilizovimba. Hali hiyo madaktari huitaja kwa herufi KICS. Nitaieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu darasani.

Mwili ukishambuliwa huwasha moto wake wenyewe ili kumfukuza adui. Seli hupelekeana habari kwa kemikali ndogo ziitwazo saitokini, na moja iliyo na nguvu sana huitwa intalukini-6. Kemikali hizo ndizo zinazoleta homa na uchovu. Adui akiondoka, moto huzimwa. Lakini kirusi cha Kaposi kina ujanja wa ajabu: kinaweza kutengeneza intalukini-6 yake chenyewe, iliyofanana na ya kwetu. Ni kama mgeni mwovu aliyeiba ngoma ya kijiji akawa anapiga mlio wa hatari usiku na mchana. Watu hutoka na mishale, hawamwoni adui, wanarudi, ngoma inalia tena. Mwisho kijiji kizima kinaanguka kwa kuchoka. Hivyo ndivyo mwili unavyoungua kwa moto wake wenyewe. Katika kundi moja la wagonjwa kumi wa namna hii waliofuatwa na wataalamu huko Marekani, sita walifariki, ijapokuwa walikuwa katika hospitali yenye kila chombo.

Ugumu wake ni kwamba dalili hizi zote zinafanana na za kifua kikuu na za bakteria walioingia katika damu. Kwetu sisi kifua kikuu ni kingi, na ni haki daktari akitafute kwanza; tena mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kupima kiasi cha kirusi cha Kaposi katika damu hakupatikani katika hospitali zetu nyingi. Tena kuna ndugu mwingine wa hali hii, uitwao ugonjwa wa Castleman, ambao hauwezi kutambulikana bila ya kukata kipande cha tezi na kukitazama kwa darubini. Kutofautisha ni muhimu, kwa kuwa tiba zinatofautiana. Wenye mabaka hutibiwa kwa dawa za UKIMWI, na wenye ugonjwa uliozidi huongezewa dawa za saratani. Kwa KICS yenyewe, wataalamu bado wanaitafuta tiba iliyo bora.

Daktari yule aliyemvua mjomba viatu alitwambia kwamba mabaka ni ya Kaposi, na kwamba huenda homa nayo inatoka kwa kirusi hicho hicho. Alikata kipande cha tezi akakipeleka kupimwa. Jibu liliporudi tulikuwa tumekwisha kuzika. Halikuonyesha kifua kikuu wala ugonjwa wa Castleman. Kwa hiyo siwezi kuandika kwa hakika kwamba ni KICS iliyomwua. Ninaloweza kuandika kwa hakika ni kwamba hakuziacha dawa zake, wala hakulogwa, na kwamba alama ya ugonjwa wake ilikuwa chini ya nyayo zake mwaka mzima, katika nyumba yenye mwalimu wa Baiolojia.

Wazazi mnaosoma jarida hili, nawaomba mambo manne. Kwanza, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI asizikatishe dawa zake hata siku moja. Tangu mwaka 2004, nchi yetu ilipoanza kuzitoa dawa hizo kwa mpango wa taifa, watu wengi wamezeeka nazo, na ndizo zinazowaamsha wale askari ili kirusi cha Kaposi kirudi kulala. Pili, mkiona mabaka meusi au ya zambarau katika ngozi, nyayo, au ndani ya kinywa, msingoje yaume. Tatu, homa ikikaa baada ya kutibiwa malaria au kifua kikuu, rudini hospitali mkaseme wazi kwamba haijaondoka, tena vueni viatu kabla ya kuambiwa. Nne, msinunue dukani dawa za stiroidi, kama prednisoloni, kwa ajili ya kupunguza uvimbe bila ya amri ya daktari, maana zinaweza kuuzidisha ugonjwa wa Kaposi.

Na ninyi wanafunzi, najua kwamba wengine miongoni mwenu mnataka kuwa madaktari na wauguzi. Mtafundishwa majina mengi, na kila jina litawaonea uzito. Kumbukeni kwamba nyuma ya jina kuna mtu aliyekaa kando ya kitanda akatazama. Kaposi hakujua sababu, hakuwa na tiba, na katika jambo la tetekuwanga alikosea. Lakini alizitazama nyayo za wagonjwa watano kwa uangalifu, akaandika alichokiona na kukiri asichokijua, na waliokuja baada yake wakapata mahali pa kuanzia. Kazi ya namna hiyo haihitaji mashine kubwa. Inahitaji macho, subira, na kutomdhania mgonjwa vibaya.

Kila nikipita Katonga asubuhi, wavuvi wanapoanika dagaa mchangani, naona nyayo nyingi zisizo na viatu. Siku hizi mimi huzitazama.